ATP "ikivunjwa" inatoa nishati, lakini kidato cha tano tulifundishwa kuvunja kifungo kunakula nishati. Lipi ni lipi?

binti_wa_mbozi

Habari zenu humu, na shikamooni nyote mnaostahili.

Nasoma stashahada ya maabara ya tiba, mwaka wa pili, hapa Morogoro. Baada ya wiki tatu nina sapu ya baiokemia na sitaki kuingia tena nikiwa nimekariri tu. Nina maswali mawili.

La kwanza. Kwenye mtihani tuliulizwa ATP, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, inatoaje nishati. Nikaandika kwamba kifungo hakitoi nishati kwa kuvunjwa, maana kidato cha tano mwalimu wetu wa kemia alitukazania mpaka likaingia: kuvunja kifungo kunakula nishati, kuunda kifungo ndiko kunakotoa. Nikakatwa maksi zote za swali. Jibu lililotakiwa ni kwamba nishati "imehifadhiwa ndani ya kifungo cha fosfati, kikikatika inatoka". Nilipouliza nikajibiwa kemia ni kemia na baiokemia ni baiokemia. Jamani, atomu za kwenye chupa na atomu za kwenye ini si ni zilezile?

La pili ni la nyumbani. Likizo baba alinituma niyeyushe urea ya kunyunyizia kabichi. Nikamimina kilo moja kwenye ndoo yenye maji kama lita 5, nikakoroga kwa mti. Dakika chache tu ndoo ikawa ya baridi kama imetoka kwenye friji, ikatoa jasho kwa nje, na nilipoingiza mkono kuvunja mabonge vidole vikaniuma. Urea ile imeyeyuka yenyewe, hakuna aliyeichemsha wala kuilazimisha. Lakini notisi zangu zinasema "mmenyuko unaotokea wenyewe ni ule unaotoa nishati". Huu umetokea wenyewe na umekula joto mpaka maji yakapoa. Notisi zimekosea, au mimi ndiye sijaelewa neno nishati?

kemia_fasta

Pole dada. Ushauri wangu: sapu ni sapu, waandikie wanachotaka. ATP ni betri, kifungo kikikatika umeme unatoka, basi. Habari ya urea iache, kule ni kuyeyuka tu, si mmenyuko, haihusiani na baiokemia. Na kumbuka mmenyuko wenye ΔG chanya hauwezekani, ndiyo maana mwili una vimeng'enya: vinashusha nishati, ndipo unawezekana.

mwalimu_wa_kusini

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha kemia skuli za Unguja miaka 27, sasa nimestaafu, niko Makunduchi. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha, kwa sababu uliyeandika jibu sahihi ni wewe. Mwalimu wako wa kidato cha tano alikufundisha vyema. Atomu za ini na za chupa ni zilezile na sheria ni moja.

Tuanze na ndoo, kwa kuwa ukiielewa ndoo ATP itakuja yenyewe.

Notisi zako hazikukosea, zimefupisha kupita kiasi. "Nishati" inayosemwa pale si joto. Ni nishati huru, ile tunayoiita ΔG kwa heshima ya Josiah Willard Gibbs, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Yale miaka ya 1870. Inakokotolewa hivi:

ΔG = ΔH − TΔS

ΔH ni joto linaloingia au kutoka. ΔS ni badiliko la entropia, yaani nishati na chembe zimepata njia ngapi zaidi za kutawanyika. T ni jotoridi kwa kelvini. Mmenyuko unaelekea mbele wenyewe pale hesabu yote ikitoka hasi. Joto peke yake haliamui.

Kwenye urea, chembe ile nyeupe unayoishika ni molekuli zilizopangwa kama matofali ukutani. Kuzing'oa kunahitaji joto, na maji yanapozikumbatia yanarudisha sehemu tu ya joto hilo. Pengo ni kama kilojuli 15 kwa kila moli, na linalipwa na maji yenyewe, ndiyo maana yanapoa. Lakini molekuli zilizokuwa zimefungwa kwenye ukuta sasa zinazurura ndoo nzima. Entropia imepanda, na TΔS imezidi zile kilojuli 15. ΔG ikatoka hasi, urea ikayeyuka, vidole vyako vikauma. Ndugu yangu kemia_fasta, kuyeyuka kumo ndani ya hesabu hiihii. Sheria hizi hazibagui.

Sasa nikupe la kwetu, kwa sababu ndilo lililonifanya niipende T ile iliyosimama mbele ya ΔS.

Baba yangu alikuwa mchoma chokaa. Tanuu letu lilikuwa duara la magogo, mengi ya mnazi, yamepangwa kufika kifua cha mtu mzima, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyovunjwa kwa nyundo. Likishawashwa, hukaribii. Sisi watoto tulikuwa tukisimama chini ya mkungu, mbali kabisa, na bado uso unaunguza. Moto ukishakufa na mawe kupoa, tunatumwa kuyaokota, na jambo moja lilinisumbua tangu nina miaka minane: jiwe linatoka na umbo lake lilelile, limekuwa jeupe, lakini jepesi. Nilikuwa nikinyanyua jiwe kwa mkono mmoja ambalo juzi nililibeba kwa miwili. Nilipofika kidato cha tatu ndipo nikajua. Jiwe ni kalisi kabonati. Gramu 100 zake zikichomwa, gramu 44 huondoka kuwa kabonidayoksaidi, zinabaki 56. Karibu nusu ya jiwe imepanda hewani mbele ya macho yetu na hatukuiona.

Mmenyuko huo unakula joto jingi, kilojuli 178 kwa moli. Katika nyuzi 25 ΔG yake ni kama chanya 130. Jiwe la matumbawe litakaa ufukweni miaka na miaka lisigeuke chokaa. Ila kwa kuwa gesi inazaliwa, ΔS ni chanya, kama juli 160 kwa kelvini. Gawanya 178,000 kwa 160: unapata kelvini 1,110 na kidogo, yaani nyuzi kama 840 za Selsiasi. Ukivuka hapo, TΔS inaishinda ΔH na jiwe linaachia. Baba hakuandika hesabu hii popote. Aliitazama rangi ya makaa.

Na ukilimwagia maji jiwe lile jeupe, linachemka lenyewe, linapasuka, linatoa mvuke. Joto la tanuu ndilo linarudi, si lote, sehemu.

Haya, rudi kwenye ini. Ndani ya mwili kuna mimenyuko mingi yenye ΔG ya kawaida iliyo chanya, kama jiwe langu. Baba alikuwa na dawa moja: kupandisha T. Mwili hauna tanuu. Uko nyuzi 37, na ukifika 42 wewe mtu wa tiba unajua kinachofuata. Kwa hiyo mwili umebaki na njia nyingine mbili, na baiokemia karibu yote ya nishati ni habari ya njia hizo: kuunganisha mmenyuko mgumu na mwepesi, na kuchezea wingi wa vitu upande huu na ule.

Njia ya kwanza ndiyo ya ATP. Mkia wake una fosfati tatu, na katika hali ya seli una chaji hasi karibu nne zimebanwa pamoja, zinasukumana. Maji yanapoingia, kifungo cha fosfati kinavunjwa, na kukivunja KUNAKULA nishati, kama ulivyoandika. Lakini papo hapo vifungo vipya vinaundwa na kipande cha maji, chaji zilizokuwa zinasukumana zinaachana, fosfati iliyo huru inagawana chaji yake kwenye oksijeni zake zote, na maji yanaizunguka vizuri kuliko yalivyoweza kuuzunguka mkia. Hayo yote yanatoa zaidi ya kilicholiwa. Ukijumlisha, ΔG ya kawaida ni kilojuli hasi 30.5 kwa moli. Nishati haikuwa imejificha ndani ya kifungo kama pesa kwenye kibubu. Ni tofauti kati ya hali ya mwanzo, yote kwa pamoja, na hali ya mwisho.

Na ATP haivunjwi kando ya glukosi ili joto lake liisukume. Ingekuwa hivyo seli ingepata joto tu na glukosi ingebaki ilivyo. Glukosi kujishikia fosfati yenyewe ni chanya 13.8. Kimeng'enya heksokinasi kinazishika ATP na glukosi pamoja na kuihamisha fosfati moja kwa moja kutoka huku kwenda kule. Fosfati haikai huru hata kidogo. Mimenyuko miwili imekuwa mmoja: 13.8 toa 30.5 ni hasi 16.7. Umepita.

Kwa kemia_fasta: kimeng'enya hakigusi ΔG, hata kidogo. Kinashusha kile kilima cha katikati tu, ambacho tunakiita nishati ya kuanzishia, na kinakishusha kwa pande zote mbili. Glukosi ikiungua yote hutoa zaidi ya kilojuli 2,800 kwa moli, lakini pakiti ya glukosi inakaa dukani mwaka mzima bila kuungua, kwa sababu kilima ni kirefu. Kimeng'enya ni njia ya mkato ya kwenda mahali ambapo ulikuwa tayari unaelekea. Kama ΔG inasema huendi, hata uwe na vimeng'enya ndoo nzima, huendi.

binti_wa_mbozi

Mwalimu, sijui nikushukuruje. Hili la jiwe kuwa jepesi sitalisahau, na nimeshaandika pembeni ya daftari "mwili hauna tanuu".

Ila umenifungulia lingine. Kwenye mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa mimenyuko ya kutoa nishati kwenye chakula, hatua ya malati kwenda oksaloasetati imeandikwa chanya 29.7. Nimetafuta ATP hapo, hakuna. Hakuna fosfati yoyote inayohamishwa. Nimegeuza kurasa zote. Inapitaje?

mwalimu_wa_kusini

Hiyo ndiyo njia ya pili, nami nilikuwa natamani uulize.

Hiyo 29.7 ni ΔG ya kawaida, yaani hesabu iliyofanywa kama vile vitu vyote vimewekwa kwa wingi uleule wa mfano, moli 1 kwa lita. Ndani ya seli hakuna kitu cha namna hiyo. ΔG ya kweli ni ile ya kawaida ukiongeza RT (R ni namba thabiti ya gesi, T ni ileile) mara logi asilia ya uwiano wa mazao kwa malighafi. Katika nyuzi 37, kila unapoupunguza uwiano huo mara kumi, unapata hasi 5.9 hivi ya bure.

Gawanya 29.7 kwa 5.9. Unapata 5. Kwa hiyo ukiushusha uwiano mara kumi mara tano, yaani mara 100,000, ile chanya imefutika, na ukizidisha kidogo tu mmenyuko unakwenda mbele.

Nani anaushusha? Kimeng'enya kinachofuata. Oksaloasetati ikizaliwa tu, inanyakuliwa na kuunganishwa na asetili-CoA kuwa sitrati, na hatua hiyo ni hasi kama 32. Inateremka kwa kasi. Oksaloasetati haipati nafasi ya kujaa. Inabaki chini ya sehemu moja ya milioni ya moli kwa lita. Upande mwingine NADH, zao la pili la hatua hiyo ya malati, nayo inaondolewa kupelekwa kwenye mnyororo wa kupumua. Malati inasonga mbele kwa sababu mbele yake kila mara ni patupu.

Na hapo utaielewa ATP vizuri zaidi. Nilikwambia hasi 30.5, lakini ndani ya seli ni karibu hasi 50. Ile 20 inatoka wapi? Ni hilohilo. Seli inahangaika usiku na mchana kuweka ATP nyingi na ADP (ATP iliyopoteza fosfati moja) kidogo, mbali sana na msawazo, yaani hali ambapo mmenyuko hauelekei mbele wala nyuma. Ungeiacha ifike kwenye msawazo, ATP yote ingekuwa karibu imekwisha kabisa na ΔG ingekuwa sifuri. Nguvu ya ATP iko kwenye umbali huo, mwanangu, si kwenye ule mstari uliochorwa kati ya P na O.

mwanamaabara_nbi

Salamu kutoka Nairobi. Mwalimu amemaliza kazi, naongeza mawili tu.

Dada, jibu ulilokatiwa maksi lina asili yake. Mwaka wa 1941 Fritz Lipmann aliandika kuhusu "kifungo cha fosfati chenye nishati nyingi", akakichora kwa kile kistari cha mawimbi ambacho bila shaka umekiona kitabuni. Kilisaidia sana kuona mahali uhamisho unapofanyika, na mwaka wa 1953 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Hans Krebs. Shida ni kwamba waliokuja nyuma walikisoma kistari kile kana kwamba nishati imekaa ndani yake. Kwenye sapu andika hivi: "kuvunjwa kwa ATP kwa maji kunatoa nishati huru, kwa sababu mazao ni tulivu kuliko ATP na maji vilivyokuwa", kisha taja sababu tatu alizotoa mwalimu. Ni ukweli, na msahihishaji ataona maneno anayoyatafuta.

La pili, kwa kuwa uko maabara ya tiba utaliona kwa macho. Misuli ya marehemu inakakamaa saa chache baada ya kifo. Si kwamba kuna kinachovuta. Miosini, protini ya msuli, inahitaji ATP ili kuuachia uzi wa aktini, protini mwenzake, na ATP imekwisha, kwa hiyo inabaki imeng'ang'ania. Msawazo ule mwalimu anaousema, huo ndio mlango wake. Nililiona mara ya kwanza nikiwa mwaka wako, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika "msawazo" kwenye karatasi nikaliona ni neno dogo.

kemia_fasta

Nimesoma yote. Mwalimu, suala la kimeng'enya nimelifundisha wenzangu kimakosa tangu mwaka jana. Leo jioni tuna kundi la kujisomea, naanza na hilo. Ila swali: wanasema mtu anatumia ATP kilo 40 kwa siku. Hiyo inawezekanaje na mtu mwenyewe ana kilo 60?

mwalimu_wa_kusini

Vizuri sana, na kawaambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi.

Hesabu ifanye mwenyewe. Chakula cha siku ni kama kilokalori 2,000, sawa na kilojuli 8,400 hivi. Tuseme nusu yake inafanikiwa kutengeneza ATP: 4,200. Kila moli inagharimu kama 50. Unapata moli 84. Moli moja ya ATP ni gramu 507. Zidisha: kilo 42 na nusu. Lakini mwilini kwa wakati wowote kuna ATP kidogo tu, hata nusu kilo haifiki. Ni zilezile zinavunjwa na kuundwa upya, kila moja mara nyingi sana kwa siku. Na zile 8,400 zote, mtu asipofanya kazi nzito, mwishowe zinatoka kama joto. Zigawe kwa sekunde 86,400 za siku: wati 97. Kila mtu aliyekaa karibu nawe kwenye daladala ni balbu ya wati 100. Ndiyo bei tunayolipa: sisi tumepangika, na hewa ya pembeni yetu inapokea mtawanyiko.

binti_wa_mbozi

Nimerudi. Jana nilimpigia mdogo wangu Mbozi, nikamwomba arudie ile ndoo kwa kipimajoto nilichokiacha nyumbani. Kilo moja ya urea, maji lita 5 aliyoyapima kwa chupa. Kabla: nyuzi 22. Baada ya kukoroga mpaka chembe zikaisha: 12.

Nikakaa na daftari. Moli moja ya urea ni gramu 60, kwa hiyo kilo ni moli 16.7. Mara 15 ni kilojuli 250. Lita 5 za maji zinahitaji kilojuli 20.9 kwa kila nyuzi. 250 gawa kwa 20.9 ni 12. Yeye amepata 10. Nyuzi mbili zangu zimekwenda wapi, mwalimu? Nimekosea mahali?

mwalimu_wa_kusini

Hujakosea. Umehesabu maji peke yake, lakini urea yenyewe na ndoo navyo vimepoa, na joto lao limeingia humo. Halafu mdogo wako amekoroga kwa dakika ngapi? Muda wote huo hewa ya Mbozi ilikuwa inairudishia ndoo joto, na mvuke wa hewani pia unaachia joto unapogeuka kuwa matone ya lile jasho la nje. Mwambie safari ijayo aifunge ndoo kwa blanketi na kuifunika, akoroge upesi, kisha ulete namba hapa.

Na mpe hongera. Kupima maji kwa chupa bila kukadiria kwa macho, hilo sikumwona nalo mwanafunzi kila siku.